Sadaka Yenye Daftari: Kutoka Bustani za Mukhayriq hadi Mitaa ya Tabora

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwaka mmoja, mwezi tatu Mfunguo Mosi, bibi mmoja mjane anayekaa karibu na msikiti tunaoswali hapa Tabora alinikuta barazani baada ya sala ya Alasiri. Katika Ramadhani iliyopita bibi huyo alikuwa akiletewa futari na nyumba nne au tano kwa siku moja, hata uji mwingine ukamchachia. Alinisalimu, akakaa, kisha akaniuliza: "Shehe, mfungo umekwisha. Na njaa je, nayo imekwisha?" Nilimjibu kwa dua. Sikuwa na jibu jingine.

Miezi michache baadaye alifariki mzee mmoja wa uchochoro wa nyuma. Alikuwa mgeni wa mji, hana mtoto wala ndugu. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Sharia inatuamrisha kumsitiri maiti, kwa hiyo simtaji jina wala mtaa; nasema tu kwamba alikuwa mwepesi kama mtoto. Siku ya khitma yake zilipikwa sufuria tatu za pilau, na watu wakala wakashiba, nami nikiwemo. Watu wa mtaa ule si wachoyo. Msiba wetu ni kwamba hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kujua nani hakula.

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwa ushahidi wa historia kwamba sadaka ya chakula hudumu pale tu inapokuwa na watu waliokabidhiwa, siku maalumu na orodha. Mfano mkubwa nitakaoutumia ni wa Mayahudi, na huenda jambo hilo likamshangaza msomaji. Namuomba asubiri mpaka mwisho.

UKARIMU WA NJIA YA MISAFARA

Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kaze, ni mji uliokua juu ya njia. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Ugogo ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: wengine wakaenda Ujiji na kuvuka ziwa kuelekea Manyema, wengine wakapanda Karagwe na Buganda. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, na Burton ameandika kwa sifa nyingi jinsi alivyowapa nyumba, chakula na elimu ya nchi bila ya kuwadai.

Miaka michache baadaye Snay bin Amir aliuawa katika vita vya Waarabu na mtemi Manwa Sera. Ukarimu wa nyumba ile ukaenda naye kaburini. Leo tunaujua kwa sababu mgeni aliuandika kitabuni, wala hapana masikini wa Tabora anayekula kutokana nao.

Misafara yenyewe ilikuwa na utaratibu mwingine. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku au kitambaa cha kununulia. Palikuwa na kipimo, palikuwa na idadi ya watu, na palikuwa na msimamizi wa kuulizwa. Watu walipokosa posho waliweka mizigo chini. Neno hilo posho tunalo mpaka leo midomoni mwetu, na maana yake ni chakula ambacho mtu anakidai kwa haki yake.

Na haki ya historia haituruhusu kuusimulia ukarimu peke yake. Njia hiyo hiyo iliyotuletea misahafu ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, mwanachuoni mkubwa wa Qadiriyya wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1931, alichukuliwa utotoni kutoka upande wa Manyema akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Yeye Mwenyezi Mungu alimwinua kwa elimu. Wengi wengine waliachwa katika miji ya njiani bila ukoo wa kuwalisha uzeeni. Mji wa njia huwa na wageni wengi wasio na ndugu, na mzee niliyemwosha alikuwa wa mwisho katika safu ndefu.

Kuhusu Mayahudi, mtu mwenye asili yao anayejulikana zaidi katika njia yetu ni Emin Pasha. Alizaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer katika nyumba ya Kiyahudi, akabatizwa utotoni, na baadaye akajiita kwa jina la Kiislamu. Mwaka 1890 alifika Tabora kupandisha bendera ya Wajerumani. Huyo hakuja kwa ajili ya sadaka. Ili tuione sadaka ya Mayahudi inatubidi tutoke katika njia yetu, twende Madina, kisha Misri, na turudi karibu, Mbale ya Uganda.

MUKHAYRIQ NA BUSTANI SABA

Wanachuoni wa Sira, akiwemo Ibn Is-haq, wanaeleza habari za Mukhayriq, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Madina aliyekuwa tajiri wa mitende. Siku ya Uhud, mwezi wa Shawwal mwaka wa 3 Hijria (625), aliwaambia watu wake kwamba mkataba unawalazimu kumnusuru Muhammad (S.A.W.). Wakamjibu kuwa leo ni Sabato. Akachukua upanga wake akatoka, na kabla ya kutoka aliusia kwamba akiuawa mali yake iende kwa Mtume (S.A.W.) aifanyie kama Mwenyezi Mungu atakavyomwongoza. Akauawa siku hiyo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaja kuwa ni mbora wa Mayahudi.

Wanachuoni wamehitilafiana: wapo waliosema alisilimu, na wapo waliosema alikufa katika dini yake. Bustani zake saba, ambazo majina yake yamehifadhiwa, miongoni mwao Al-Dalal, Burqa na Mashrubatu Ummi Ibrahim, ziliingia mikononi mwa Mtume (S.A.W.) akazifanya sadaka, na Ibn Is-haq anasema kuwa sehemu kubwa ya sadaka zake Madina ilitokana na mali hiyo. Ndiyo maana fuqahaa wanapouliza wakfu wa kwanza katika Uislamu ni upi, baadhi yao wanataja bustani za Mukhayriq na wengine wanataja ardhi ya Khaybar ya Sayyidna Umar (R.A.).

Zingatia tofauti ya nyumba ya Snay na bustani za Mukhayriq. Wote wawili walikuwa watu wa mali, na wote wawili waliuawa vitani. Mmoja alitoa kwa mkono wake, na mkono ulipokufa kutoa kukakoma. Mwingine aliacha asili inayozaa ikiwa na msimamizi, na mafakiri wakaendelea kula tende baada ya mwenyewe kuzikwa.

KAPU NA SINIA

Katika Kiebrania sadaka huitwa tsedaka. Mwanafunzi wa Kiarabu ataona mara moja kuwa asili ni ile ile: sad, dal, qaf. Sisi katika asili hiyo tunasikia ukweli, kwani sadaka ni dalili ya ukweli wa imani ya mtoaji. Wao wanasikia haki. Kwao anayempa masikini ametekeleza deni.

Sharia yao imeliweka jambo hili katika taratibu mbili, zilizoandikwa katika Mishna, kitabu kilichokusanywa yapata mwaka 200 wa Miladi, na kufafanuliwa katika Talmud. Ya kwanza ni kuppa, yaani kapu. Ni mfuko wa masikini wa mji wenyewe, unaogawiwa mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Ya pili ni tamhui, yaani sinia. Hiki ni chakula cha kila siku kwa yeyote mwenye njaa, hata mgeni. Msafiri anayepita hapewi chini ya mkate mmoja. Akilala apewe na malazi. Akikaa Sabato apewe chakula cha milo mitatu. Na mwenye chakula cha milo miwili hana ruhusa ya kula katika sinia, wala mwenye chakula cha milo kumi na nne katika kapu. Kwa hiyo kuna kipimo kwa anayetoa na kipimo kwa anayepokea.

Wasimamizi nao wamewekewa masharti. Kapu hukusanywa na watu wawili, kwa kuwa mtu mmoja hapewi mamlaka juu ya mali ya umma, na hugawiwa na watu watatu, kwa kuwa kugawa ni kama kuhukumu. Wakusanyaji hawaruhusiwi kuachana sokoni. Mmoja wao akiokota sarafu njiani, asiitie mfukoni mwake; aitie katika mfuko wa sadaka, kisha akifika nyumbani ndipo aitoe, watu wasije wakamdhania vibaya. Tena Talmud inasema kuwa masikini wa mataifa mengine walishwe pamoja na masikini wao, kwa ajili ya kuhifadhi amani.

Je, haya yalitekelezwa? Ushahidi upo Misri, chini ya dola za Kiislamu. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya zamani, palikuwa na chumba cha kutupia karatasi zisizotakiwa kuchomwa kwa heshima ya Jina la Mungu. Mnamo 1896 na 1897 Solomon Schechter alizichukua nyingi akazipeleka Cambridge, Uingereza. Nyingi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama vile wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mtafiti S. D. Goitein alizisoma kwa miongo mingi, na akakuta ndani yake daftari za mkate: majina ya masikini, na mbele ya kila jina idadi ya mikate. Mkate uligawiwa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Wamo wajane, vipofu na wageni. Zimo pia hesabu za nyumba zilizowekwa wakfu na kupangishwa, na kodi zake kutumiwa kwa masikini na kwa sinagogi.

Katika mji huo aliishi Musa bin Maymun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, mzaliwa wa Qurtuba aliyefariki mwaka 1204, tabibu wa Al-Qadi al-Fadil, waziri wa Salahuddin. Aliandika kwamba hajaona wala kusikia jamii ya Mayahudi isiyokuwa na kapu. Alipanga sadaka katika daraja nane, na ya juu kabisa ni kumshika mtu kwa mkopo, ushirika au kazi ili asihitaji kuomba tena. Msomaji atakumbuka hadithi ya yule Answari aliyekuja kuomba, Mtume (S.A.W.) akamuuzia tandiko na bakuli lake kwa dirhamu mbili, akamwamrisha anunue chakula cha watu wake na shoka la kukatia kuni.

KUTOKA FUSTAT HADI MBALE

Utaratibu huo haukufa. Mpaka zama zetu, huko Brooklyn, New York, vikundi vya mtaani viitwavyo Tomchei Shabbos hupeleka maboksi ya chakula kwenye milango ya wenye dhiki kabla ya Sabato, na wapelekaji ni watu wa mtaa wanaojitolea.

Karibu nasi wapo Abayudaya wa Mbale, Uganda ya mashariki. Jamii hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 na kufariki mwaka 1928. Idi Amin aliwapiga marufuku. Wakaendelea kwa siri na uchache mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Wao wenyewe ni wakulima wa kawaida. Hata hivyo shule zao hupokea watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na zahanati iliyofunguliwa Mbale mwaka 2010 kwa msaada wa Mayahudi wa nje huhudumia wagonjwa wa dini zote. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliwakusanya majirani zake Waislamu, Wakristo na Mayahudi katika ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, ili wakulima wapate bei nzuri zaidi kwa kuuza pamoja. Hii ndiyo daraja ya juu ya Ibn Maymun, na ndiyo shoka la yule Answari.

Hapa kwetu Waislamu wa Tanzania walikuwa na East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945. Serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1968, kazi zake zilisimama. Jamii ya Mbale ilipigwa marufuku vile vile. Naona somo moja: kinachoning'inia kwenye ofisi moja kubwa huanguka na ofisi hiyo, na kilichomo katika kila mtaa ni vigumu kukifunga.

HUKUMU YA JAMBO HILI

Ndugu msomaji ataniuliza: vipi sheikh anawasifu Mayahudi, na huku damu ya Waislamu inamwagwa Palestina? Jibu langu ni kwamba dhuluma ni dhuluma, nami siipunguzi hata chembe. Lakini Qur'ani imetukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu (Al-Maida: 8), na imetaja kwamba katika Ahlul-Kitab yupo ukimwamini kwa mrundo wa mali atakurudishia, na yupo ukimwamini kwa dinari moja hatakurudishia (Aal Imran: 75). Kutaja uaminifu pale ulipo ni katika uadilifu tulioamrishwa.

Suala la pili ni zito zaidi, nalo limetufika mlangoni. Baada ya kifo cha yule mzee tulikubaliana na wenzangu tuanzishe daftari. Watu wawili wa kukusanya, watatu wa kugawa, siku ya Alhamisi. Tulianza na kaya saba, na majina hayasomwi msikitini. Miongoni mwa kaya hizo mbili si za Waislamu, na ndugu wawili walipinga, kwa hoja kwamba mali ni ya Waislamu.

Hoja yao ina upande wa haki. Zaka ina watu wake wanane (At-Tawba: 60), na madhehebu ya Imam Shafi'i, kama walivyo jamhuri ya wanachuoni, hayaruhusu kumpa fakiri asiyekuwa Muislamu. Lakini sadaka ya kujitolea ina mlango mpana. Qur'ani haikatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita (Al-Mumtahina: 8). Abdullah bin Amr (R.A.) alichinja mbuzi nyumbani kwake akawa anauliza na kurudia kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Imepokewa kuwa Mama wa Waumini Safiyya (R.A.) alimwachia sehemu ya mali yake ndugu yake aliyebaki katika Uyahudi. Na Abu Yusuf katika Kitabul-Kharaj anaeleza kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba milangoni, akamshika mkono, akampa kitu kutoka nyumbani kwake, kisha akamwagiza mweka hazina wa Baytul-Mali amtazame yeye na walio mfano wake, na akamwondolea jizya.

Tazama vizuri alilolifanya Sayyidna Umar. Kumpa mara moja kungetosha kuwa thawabu, naye hakuridhika nako. Alimtia katika orodha.

Basi tuliafikiana hivi: mikoba miwili, isichanganywe. Mkoba wa zaka una daftari lake na masharti yake. Mkoba wa sadaka unamlisha mwenye njaa wa mtaa, bila ya kuulizwa dini. Ndugu wale wawili waliridhika, na mmoja wao leo ni katika watatu wanaogawa.

KAPU HALITOSHI BILA WAKFU

Sitaki msomaji adhani mambo yamenyooka. Mwaka wa kwanza, ilipofika miezi ya mvua kabla ya mavuno, mkoba ulibaki karibu mtupu. Watoaji wenyewe walikuwa na njaa, na mahitaji yalikuwa makubwa wakati huo huo. Alhamisi mbili hatukugawa kitu. Hapo nikaelewa kwa nini Fustat palikuwa na kapu na palikuwa na nyumba za wakfu pia, na kwa nini Mtume (S.A.W.) alizifanya sadaka bustani zenyewe badala ya kugawa tende za msimu mmoja.

Tabora haikosi cha kuwekwa wakfu. Mtu anaweza kuweka chumba kimoja cha kupangisha. Nchi yetu ni ya miombo na asali. Na katika madhehebu yetu kitu kinachohamishika huwekwa wakfu maadamu chenyewe kinadumu na manufaa yake yanachumwa, hivyo mizinga ya nyuki ni suala la kulipeleka mbele ya wanachuoni wetu walitazame. Miembe mikongwe ya njia ya misafara bado inampa kivuli na tunda yeyote anayepita, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayepanda mti ana sadaka kwa kila anachokula mtu, ndege au mnyama. Sharti la wakfu ni moja: uandikwe, na uwe na msimamizi zaidi ya mmoja.

Nawausia maimamu wenzangu waanze na nyumba kumi zilizo karibu na msikiti. Waulize nani hakula jana. Waandike. Wawaweke wawili na watatu. Msisubiri mfadhili kutoka nje, wala msisubiri Ramadhani.

Yule bibi ndiye wa kwanza katika daftari letu, na angali hai. Hajaniuliza tena swali lake. Mimi ndiye ninayejiuliza kila ukiandama Mfunguo Mosi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu mzee yule, atusamehe tulioshiba jirani yake, na aijaalie mikono yetu iwe ya kutoa na yenye kuaminiwa. Amin. Wallahu a'lam.